Juu ya Mushaki: hakuna kilima cha bure



Safari hii ukurasa wa historia unaanzia barabarani. Mtu anayetoka Goma kwenda Masisi anafuata ziwa mpaka Sake, kama kilomita 25 hivi, halafu anaanza kupanda. Kamyo zinapanda kwa vitesi ya kwanza, na mvua ikinyesha abiria wanashuka kusukuma. Wale wa chukudu tunapishana nao, wanateremka na makala, mbao na viazi, mguu mmoja juu ya breki ya mpira. Kabla ya kufika Mushaki, madereva wengi husimama kidogo ili injini ipoe. Hakuna kibao mahali pale, hakuna benchi wala ukuta wa mawe. Lakini kila mtu anashuka, anajinyoosha, halafu anageuka nyuma kuangalia.

Kukiwa hakuna ukungu, unaona mengi. Chini kabisa kuna Sake na mabati yake, na nyuma yake Ziwa Kivu, ambalo liko kwenye urefu wa mita 1,460 hivi juu ya bahari lakini kutoka hapa linaonekana kama limewekwa kwenye shimo. Upande wa mashariki iko Nyiragongo na moshi wake, na Nyamulagira iliyo pana zaidi, na nyeusi ya lava imeshuka kama barabara ya pili. Ukigeuka kuelekea magharibi unaona vilima, kimoja nyuma ya kingine, vya kijani, na majani mafupi kama yamekatwa na mkasi, na ng'ombe kama nukta, na mistari ya mikaratusi. Watu wengi wamepaita Masisi Uswisi ya Afrika, na walipata jina hilo mahali kama hapa.

Wengi wenu mlipita hapo mwaka wa 2025, mkiwa na mizigo kichwani, mkirudi. Ninataka tuongee juu ya kile tunachokiona tukisimama pale, kwa sababu nimejifunza kwa hasara kwamba kinaweza kudanganya.

Kosa langu

Miaka michache iliyopita nilikuwa nafanya kazi na shirika jingine. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya chuo, na simu mpya mkononi. Tulisimama pale juu, nikapiga picha ya vilima vya magharibi. Picha ile ilikuwa nzuri sana. Tuliiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, na ndani yake nikaandika kwa mkono wangu kwamba ardhi ya kulima ipo ya kutosha kwa familia zinazorudi. Mtu yeyote aliyeangalia ile picha angekubali. Kijani kila mahali, nyumba chache, nafasi kubwa.

Mbegu za maharagwe zikaja. Familia kumi na tisa zikalima kwenye mteremko ambao kapita wa kijiji alituambia hauna shida. Maharagwe yalipoanza kutoa maua, walinzi wa ferme wakaleta ng'ombe. Siku mbili ng'ombe walikula. Mwenye ferme alikuwa anaishi mjini na alikuwa na sertifika yake ya ardhi. Familia zetu zilikuwa na kumbukumbu tu ya mahali babu zao walipozikwa. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa, lakini baba mmoja alivunjwa mkono na watoto walikula msimu ule kwa kuomba kwa majirani. Katika ripoti ya mwisho tuliandika maneno mawili, «changamoto za ardhi», tukafunga mradi.

Baadaye nilirudi kuomba radhi. Mama mmoja mzee, mjane, alinichukua mpaka pembeni ya barabara, akaanza kunionyesha kwa fimbo. «Mutoto yangu, uliandika asema iko bule? Hapa hakuna kilima ya bule. Ile yenye miti njo ya mutu wa Goma. Ile ya nyuma yake tulilimaka sisi mpaka vita ya kwanza. Ile ya chini iko na bantu watatu, na kila mutu anasema ni yake, na wote watatu hawabongope.»

Hawadanganyi, wote watatu. Neno hilo ndilo lililonituma kutafuta historia ya hivi vilima. Nawaandikia niliyoyapata, kwa ufupi.

Wageni walivyopaangalia

Wabelgiji walipofika Kivu, walipenda nchi ya juu. Hapakuwa na joto wala mbu wengi, na udongo wa volkeno ulizaa kila kitu. Mwaka 1925 waliunda Parc Albert, hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika nzima, ambayo baadaye ilichukua volkeno zetu hizi na tangu 1969 inaitwa Virunga. Mwaka 1928 waliunda Comité National du Kivu, kampuni yenye nguvu za serikali ndani yake, ili igawe ardhi kwa walowezi. Kwa hiyo katika miaka michache tu, nchi unayoiona kutoka Mushaki ilipata mipaka miwili ambayo wazee wetu hawakuichora. Upande wa mashariki ikawa hifadhi, pasipo ruhusa ya kulima. Upande wa magharibi yakaanza kukatwa mashamba ya wazungu.

Na watalii wakaja. Kwenye barabara ya Rutshuru kwenda Kanyabayonga, gari zilisimama kwenye mteremko wa Kabasha ili wageni waangalie uwanda wa Rwindi na Ziwa Edward. Upande wetu, mwaka 1938, lava ya Nyamulagira ilishuka mpaka ikakata barabara ya Sake na kuingia ziwani, na wazungu walisafiri kuja kuona moto unachemsha maji. Kwa mgeni hiyo ilikuwa ajabu ya kutazama. Kwa mkulima wa Sake ilikuwa shamba lililofunikwa na jiwe. Ukipita leo unalikuta jiwe lile bado liko pale, na watu wamejenga juu yake kwa sababu hawana pengine.

Simlaumu mtu anayependa uzuri wa nchi. Mimi mwenyewe naupenda. Ila ukisoma jinsi wale walivyoelezea vilima hivi, unaona hewa, ng'ombe, mandhari, na ni mara chache sana kumwona mtu aliyekuwa analima pale. Ni kosa lile lile la picha yangu, miaka themanini mapema.

Kilima kikawa karatasi

Zamani, katika nchi ya Wahunde, ardhi ilishikwa kupitia mwami na machifu walio chini yake. Mtu alipewa mahali pa kulima, naye alitoa mutulo, zawadi ya heshima, mbuzi au pombe au sehemu ya mavuno. Hakukuwa na karatasi, lakini kulikuwa na mashahidi na miti ya mpaka.

Plantasyo za wazungu zilihitaji mikono. Rwanda, ambayo nayo ilikuwa chini ya Wabelgiji, ilikuwa na watu wengi na njaa za mara kwa mara. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Makumi ya maelfu ya watu waliletwa katika vilima hivi, Wahutu na Watutsi, na mpango uliendelea mpaka miaka ya 1950. Wengi wao waliwekwa Gishari, sehemu ambayo wakoloni waliipata kutoka kwa utawala wa Wahunde kwa mapatano ambayo watu wanayabishania hadi leo. Gishari ilipewa chifu wake yenyewe. Mwaka 1957 uchifu huo ukafutwa, na sehemu ile ikarudishwa chini ya utawala wa Wahunde.

Ninawaomba wasomaji, hasa wafadhili walio mbali, wasimame kidogo kwenye jambo hili. Familia iliyoletwa mwaka 1938 ilipewa shamba na serikali ya siku ile, ikakata msitu, ikazaa, ikazika wafu wake. Familia iliyokuwa pale mbeleni ilipoteza ardhi ambayo haikuuza yenyewe. Zote mbili zina haki ya kusema «hapa ni kwetu». Ni wakoloni waliowaweka juu ya kilima kimoja, halafu mwaka 1960 wakaondoka.

Baada ya uhuru karatasi ziliongezeka. Mwaka 1966 sheria inayoitwa ya Bakajika ilisema ardhi yote iliyogawiwa na wakoloni inarudi kwa serikali. Mwaka 1973 ikaja sheria kubwa ya ardhi, ile ya tarehe 20 Julai. Ilisema udongo wote ni mali ya serikali, hata ule unaokaliwa na wanakijiji kwa desturi. Kuhusu haki za hao wanakijiji, kifungu cha 389 kilisema zitapangwa na amri ya Rais. Kwa makumi ya miaka amri hiyo haikutoka. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule ikaja zairianizasyo, na plantasyo za wageni zikagawiwa kwa raia wenye urafiki na wakubwa.

Hapo ndipo mandhari ilipobadilika hasa. Mtu mwenye pesa na jamaa katika ofisi aliweza kuandikisha kilima kizima, pamoja na vijiji vilivyokuwa juu yake. Chai, pareto na mikinini zinahitaji wafanyakazi wengi, lakini ng'ombe mia wanahitaji wachungaji wachache na uzio. Sehemu kubwa ya plantasyo zikageuka maferme. Ule ukijani laini tunaoupiga picha, ule unaotoa maziwa na fromaji ya Masisi inayouzwa mpaka Kinshasa, mara nyingi ni mahali ambapo watu waliondolewa. Waliobaki pembeni walipewa ruhusa ya kulima kipande kwa kufanya salongo, yaani siku kadhaa za kazi bila malipo kwa mwenye ferme. Wengi wenu mnaijua salongo hiyo kwa mgongo wenu wenyewe.

Juu ya hayo likaja suala la uraia. Sheria ya 1972 iliwapa uraia wengi wa wale waliotoka Rwanda na Burundi, na sheria ya 1981 ikaunyang'anya. Asiye na uraia hawezi kuwa salama kwenye ardhi, hata kama ana titri. Na mwenye uraia asiye na titri hakuwa salama pia. Mwezi wa Machi 1993 damu ilimwagika sokoni Ntoto, kule Walikale, na vita vikapanda haraka mpaka Masisi. Mwaka 1994 wakaja wakimbizi wa Rwanda kwa malaki, na kati yao wenye silaha. Mwezi wa Mei 1996 watu waliokimbilia kwa watawa wa Mokoto waliuawa ndani ya monasteri. Kila kabila linalosoma gazeti letu lina majina yake ya kutaja katika miaka ile. Siyataji moja moja, kwa sababu orodha ya upande mmoja tu ingekuwa uongo.

Kila vita viliacha alama yake kwenye vilima. Watu wanakimbia, shamba linalala, anayebaki au anayekuja analichukua. Wengine waliuza kwa bei ya safari. Wengine waliuziwa na mtu ambaye hakuwa mwenyewe. Baada ya miaka mitano majani yanafunika kila kitu, na anayepita barabarani anasema: angalia, nafasi iko.

Anayeshika kilima

Kuna watu wengine wanaopenda kusimama pale juu, na hawaji kwa ajili ya uzuri. Kutoka vilima vilivyo juu ya Sake unaona njia tatu: ile inayotoka Goma, ile inayofuata ziwa kuelekea Minova na Bukavu, na hii yetu inayopanda Masisi. Anayeshika vilima anashika chakula cha Goma, kwa sababu viazi, maharagwe na maziwa vinateremka hapa.

Mnaikumbuka miaka hii ya karibuni bila mimi kuwaeleza. Mwezi wa Februari 2023 Mushaki ilichukuliwa na M23. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imebadilisha mikono zaidi ya mara moja, na askari wa Burundi wa kikosi cha Afrika Mashariki walipita hapo pia. Tangu Februari 2024 mabomu yalianguka Sake kutoka vilimani. Wakulima walikimbilia Goma, wakajaa Bulengo, Lac Vert, Rusayo na kambi nyingine. Mwezi wa Januari 2025 ilianguka Masisi-centre, kisha Minova na Sake, halafu Goma. Tarehe 9 Februari wadeplase waliambiwa wana saa 72 za kuondoka kambini.

Ndivyo wengi wenu mlivyorudi. Hamkuchagua siku. Mlifunga maturubai na masufuria, mkapanda. Pale juu niliwakuta wamama wamekaa pembeni ya barabara, wamegeukia magharibi. Hawakuwa wanaongea. Nikadhani wanapumzika. Mmoja akaniambia alikuwa anahesabu mikaratusi ya kilima fulani, kwa sababu mume wake marehemu alipanda saba kwenye mpaka, na alikuwa anaona minne tu. Alitaka kujua kabla hajafika kama bado ana shamba.

Kule mbele, Omate

Tunapoangalia magharibi kutoka Mushaki, macho yanaishia kwenye vilima. Lakini barabara inaendelea, Masisi-centre, Nyabiondo, halafu inateremka kwenye msitu wa Walikale, pale inapofaa kuitwa barabara. Masisi haifiki kilomita za mraba 5,000. Walikale inapita 23,000, ni teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, na sehemu yake kubwa ni miti. Mule ndani kuna Omate, kare ya dhahabu ambayo karibu kila familia ya umoja wetu ina kijana aliyepita, au anayetaka kwenda.

Kwa nini ninaleta Omate katika habari ya vilima? Kwa sababu nilipouliza vijana kwa nini walikwenda, wachache walianza na dhahabu. Walianza na shamba. Baba alikuwa na kipande kimoja na watoto wa kiume watano. Au shamba lilikuwa ndani ya ferme na salongo ilimchosha. Au walirudi kutoka kambini wakakuta mtu mwingine ameshajenga. Kijana asiye na shamba Masisi hawezi kuoa, na asiyeoa haheshimiwi kwenye kikao. Basi anateremka Walikale, anabeba kolta begani siku kwa siku, anaingia shimoni.

Walikale nayo imeangaliwa kwa macho ya aina ile ile. Mbele ya 2002 hakuna aliyejali Bisie, kilima ndani ya msitu. Kasiteriti ilipoonekana, maelfu ya watu waliingia kwa mguu, wabebaji walitembea na magunia mpaka Njingala, na ndege zilitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo kuchukua mzigo. Fikirini, barabara kuu ya taifa imegeuka uwanja wa ndege, na magari yanangoja ndege iruke. Mwezi wa Septemba 2010 serikali ilifunga machimbo yote ya mkono katika Kivu na Maniema mpaka Machi 2011, na familia zilizotegemea wabebaji zililala njaa. Leo Bisie ni mgodi wa kampuni kubwa. Aliyebeba magunia miaka ile hana kitu cha kuonyesha isipokuwa magoti yaliyochoka.

Wengine wanarudi kutoka Omate na pesa kidogo, na wanafanya nini? Wananunua shamba Masisi. Mara nyingi wananunua kwa haraka, kwa karatasi ya mkono na mashahidi wawili wa kabareni, kutoka kwa mtu ambaye labda si mwenyewe. Hivyo pesa ya shimo inanunua kesi. Mwaka uliopita nilisikiliza kesi ya namna hiyo kati ya kijana wa Omate na mjane. Kila mmoja alilia kwa haki. Kijana alikuwa ametoa miaka yake minne chini ya ardhi. Mjane alikuwa ametoa mume.

Tufanye nini kabla ya mbegu

Msimu A uko karibu. Wafadhili wetu wameuliza ni mbegu kiasi gani tunahitaji na jembe ngapi. Ni swali zuri, na tunawashukuru sana. Lakini ninyi wanachama, na mimi pamoja nanyi, tunajua kwamba maharagwe yanaota siku chache, na kesi ya shamba inaweza kudumu miaka ishirini. Kwa hiyo kamati imependekeza mambo haya kwa mkutano mkuu, na ninayaunga mkono kwa sababu ya ng'ombe wale wa siku mbili.

La kwanza ni daftari. Kabla ya kumpa mtu mbegu, tuandike shamba lake liko wapi, nani anapakana naye kila upande, alilipata namna gani, na mwaka gani aliliacha. Daftari hili si titri. Halimpi mtu ardhi wala halimnyang'anyi. Ni kumbukumbu tu, iliyoandikwa wakati mashahidi wakiwa bado wako hai. Wazee waliojua mipaka ya mbele ya 1993 wanakwisha, na kila msiba unaondoa ukurasa.

La pili, aliyekuta mtu mwingine kwenye shamba lake asiende peke yake na panga. Alete jina kwa kamati. Kamati yetu ina watu wa makabila yote ya umoja huu, na tutakwenda pamoja kumsikiliza yule aliyekaa pale. Mara nyingi naye ni mdeplase wa mahali pengine, ambaye pia shamba lake limekaliwa. Tangu 2009 kazi za usuluhishi wa ardhi zimefanywa hapa Masisi, pamoja na zile za UN-Habitat, na wengi wenu mlishiriki. Mnajua kwamba pande mbili zikikubaliana kugawana mavuno ya msimu mmoja, kuna muda wa kuongea bila damu.

La tatu, wajane waandikwe kwa majina yao wenyewe, si kwa jina la shemeji.

La nne linawahusu wafadhili. Tunaomba sehemu ya pesa za mbegu itumike kwa usafiri wa wazee, chakula chao siku ya kikao, na karatasi. Ninajua kwamba hii haitoi picha nzuri. Mzee aliyesimama kwenye majani akionyesha kidole mahali pasipo na kitu, mtu hataelewa ni nini. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Sisi tutachanga upande wetu kwa likelemba, kama tulivyofanya kwa misiba ya kambini.

Na vijana wa Omate, tunawaambia: kabla ya kununua, njoni mwulize daftari. Ni bure.

Mwezi uliopita nilipita tena pale juu na mgeni kutoka Bulaya, mtu mwema. Ukungu ulikuwa umeondoka. Akasema, kwa mshangao wa kweli, kwamba hajawahi kuona nchi nzuri na yenye nafasi kama hii. Nilimwambia nakubali kuhusu uzuri. Kuhusu nafasi, nilimwomba angoje. Yule mama mjane alikuwa nasi kwenye gari, tulikuwa tunampeleka kwenye kikao. Akashuka, akachukua fimbo yake, akaanza kumwonyesha kilima kimoja kimoja, huyu ni wa nani, yule ni wa nani, nikawa natafsiri. Tulichukua zaidi ya saa moja. Dereva alikasirika kidogo. Mgeni aliandika kurasa nne, na picha hakupiga.

Nawatakia msimu mwema, na njia salama kwa wote walio bado barabarani.

Ajenti wenu wa tereni